Uzi maalumu: Donda ndugu lisilofunga na maisha na mfuko wa tumboni (stoma), wenye maswali karibuni

nesi_wa_vidonda (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu. Nimekuwa nikipita humu kimya kimya nasoma nyuzi za vidonda, mtu anauliza kidonda cha mguu hakifungi anapewa majibu thelathini ya paka hiki nyunyizia kile, hakuna hata mmoja aliyemuuliza kiko sehemu gani ya mguu. Nikasema leo nifungue uzi. Kazi yangu ni nesi, kila siku niko na vidonda sugu na watu wenye stoma, yaani waliofunguliwa tundu tumboni, utumbo au njia ya mkojo ikatokezwa nje pale, wakavalishwa mfuko. Hilo tundu ndo stoma.

Niseme kabisa mwanzoni, donda ndugu halina dawa ya kupaka. Lina sababu. Ukishapita wiki nne mpaka sita kidonda hakijapungua ukubwa acha kubadilisha dawa, anza kuuliza ni nini kinakizuia. Na mara nyingi kidonda chenyewe kinakwambia kwa mahali kilipokaa. Kikiwa juu kidogo ya kifundo cha mguu upande wa ndani, ngozi ya pembeni imegeuka rangi na kukakamaa, mguu unavimba ikifika jioni na kidonda kinatoa maji mengi, hapo mara nyingi ni mishipa ya vena imeshindwa kurudisha damu juu. Kikiwa kwenye vidole au kisigino, mguu wa baridi, nywele zimepukutika, maumivu yanamwamsha usiku mpaka aning'inize mguu chini ya kitanda ndo apate nafuu, fikiria ateri, damu haifiki. Kikiwa chini ya unyayo kimezungukwa na ngozi ngumu na hakimuumi kabisa, huyo mpime sukari leo leo maana kutokuuma ndo ugonjwa wenyewe, neva zimekufa. Na mgonjwa wa kulala akipata kidonda juu ya makalio, kwenye nyonga au kisigino, hicho ni cha mgandamizo.

Kwanini nasisitiza hili? Kwa sababu tiba zake zinapingana. Mguu wa vena dawa yake kubwa ni kufungwa bandeji ya kubana, na ile inabana kweli, sio kuzungushia tu. Ukiubana hivyo hivyo mguu wa ateri unaweza kuukata hata kidogo cha damu kilichokuwa kinapita na mtu akapoteza mguu. Ukiangalia kwa mbali vidonda vyenyewe vinaweza kufanana.

Haya ulizeni.

binti_wa_pili

Asante dada nesi umekuja wakati muafaka. Baba yangu ana kidonda hapo hapo ulipopasema juu ya kifundo upande wa ndani, ni zaidi ya mwaka sasa kinafunga kidogo kinafumuka. Tunakiosha na spiriti kila asubuhi na jioni halafu tunafungua vidonge vya kapsuli tunanyunyizia ule unga, kinakauka vizuri kinaweka gamba ila baada ya siku chache chini ya gamba kuna usaha tena. Tumeshabadilisha antibayotiki mpaka tumechoka. Sukari hana tumepima.

nesi_wa_vidonda

Pole sana binti na pole kwa mzee. Twende taratibu.

Spiriti acheni leo. Na haidrojeni peroksaidi kama mnayo ile inayotoa povu, acheni pia. Vinaua vijidudu ndiyo ila vinaua na seli changa zinazojaribu kuziba kidonda, kwahiyo kila asubuhi mnabomoa kilichojengwa usiku. Osheni na selaini, ile chumvi ya dripu, au maji safi yaliyochemshwa yakapoa, inatosha kabisa.

Unga wa kapsuli nao acheni. Kapsuli imetengenezwa imezwe, ikimwagwa kwenye kidonda inagandana na majimaji inafanya ukoko, inaweza kuleta aleji kwenye ngozi na inafundisha bakteria usugu. Alafu kwenye donda la muda mrefu bakteria hawakai mmoja mmoja, wanajijengea utando wa ute wanajificha humo, antibayotiki haiwafikii vizuri. Utando ule unaondolewa kwa kusuguliwa na kukwanguliwa na mtu anayejua, sio kwa kunyunyiziwa. Antibayotiki ya kumeza ni pale kuna dalili za maambukizi kweli, wekundu au joto linalosambaa pembeni, homa, maumivu kuzidi ghafla, harufu kubadilika. Kidonda kuwa na bakteria tu haitoshi, kila kidonda kilicho wazi kina bakteria.

Sasa kikubwa. Mzee apimwe mzunguko wa damu wa mguu kabla ya kitu kingine chochote. Kuna kipimo wanachukua presha ya kifundo cha mguu wanagawanya kwa presha ya mkono, hakichomi hakiumi, wanatumia kile kimashine cha kusikilizia mshipa. Jibu likiwa karibu na 1 mzunguko uko vizuri anaweza kubanwa. Chini ya 0.8 usibane bila mtaalamu kusema, chini ya 0.5 usibane kabisa huyo ni wa daktari wa mishipa haraka. Likizidi 1.3 msishangilie, maana mara nyingi ni ateri zimekuwa ngumu hazibanwi na mashine, kwa wenye kisukari hiyo ipo sana, kwahiyo namba inadanganya.

Akikutwa mzunguko mzuri, bandeji za tabaka zinazobana kama milimita 40 za zebaki pale kifundoni ndo tiba yake. Zinafungwa kuanzia chini ya vidole mpaka chini ya goti, na ikiwezekana asubuhi kabla mguu haujavimba. Akikaa anyanyue mguu juu kuliko moyo, akisimama atembee asisimame tu, misuli ya kigimbi ndo pampu ya ile damu. Kidonda kikishafunga soksi za kubana anazivaa maisha yake yote, hapa ndo wengi wanaangukia, kimefunga wanatupa soksi, baada ya miezi kimerudi pale pale.

mzee_wa_hoja

Nesi na heshima zote, mimi tangu zamani najua kidonda kinatakiwa kipate hewa kikauke. Wewe unataka kifunikwe kibaki na majimaji si kitaoza?

nesi_wa_vidonda

Swali zuri mkuu na hata maofisini kwetu bado lipo. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alichapisha kazi yake kwenye jarida la Nature, alichukua nguruwe akawatia vidonda vidogo, vingine akaviacha vikauke vingine akavifunika na plastiki nyembamba vibaki na unyevu. Vilivyofunikwa viliota ngozi mpya kwa kama nusu ya muda wa vile vilivyokauka. Sababu yake ni rahisi, seli za ngozi zinatambaa kutoka kingo kwenda katikati na haziwezi kutambaa juu ya gamba kavu, inabidi zichimbe njia chini yake. Lile gamba la baba yake binti_wa_pili lilikuwa kizuizi tu na kifuniko cha usaha.

Ila unyevu sio kuloa. Pembeni ya kidonda ngozi ikigeuka nyeupe imekunjamana basi maji yamezidi, chagua kifuniko kinachonyonya zaidi, kuna vya sponji na vya mwani vinavyogeuka jeli. Kikikauka na kunata ukikibandua damu inatoka, ongeza unyevu. Na kuna sehemu moja ambayo hoja yako iko sahihi kabisa mkuu, kidole cheusi kilichokufa na kukauka kwa kukosa damu kinaachwa kikavu hivyo hivyo mpaka mzunguko ushughulikiwe. Hiki usikiloweshe.

mtaa_wa_nane

Na asali je? Msije mkasema nayo mbaya

nesi_wa_vidonda

Sio mbaya. Ipo asali ya kitabibu, imepigwa mionzi kuua mbegu za bakteria ndo inawekwa kwenye kidonda, inasaidia kulainisha nyama mfu na harufu. Asali ya kula ya jikoni haijapitia hiyo, inaweza kubeba vimelea. Na bado tunarudi kule kule, asali haitaubana mguu wala haitaondoa uzito juu ya unyayo.

kijana_wa_ileo

Wakuu mi niko upande wa mifuko. Nimewekewa ileostomi, stoma ya utumbo mwembamba, si muda mrefu, operesheni ilikuwa ya dharura sikupata hata muda wa kuuliza. Shida yangu inavuja. Nabandika asubuhi ikifika mchana nasikia moto pembeni, nikibandua ngozi nyekundu imechubuka inatoa maji, na kwa sababu inatoa maji mfuko mpya nao haushiki, ni mzunguko tu. Naogopa hata kutoka nyumbani. Nimejaribu kuweka krimu ya ngozi ndo ikawa mbaya zaidi.

nesi_wa_vidonda

Kaka pole, na kwanza toa hiyo krimu, mafuta na gundi haviendani hata siku moja. Wengine wanapangusia vile vitambaa vya watoto vyenye losheni, ni yale yale. Maji ya vuguvugu na kitambaa laini, kausha kwa kugusa gusa, basi.

Hiyo ngozi haijaota fangasi wala aleji kwa maelezo yako, imemeng'enywa. Kinachotoka kwenye utumbo mwembamba bado kina vimeng'enya vya kusaga chakula, vikikaa kwenye ngozi vinaisaga na yenyewe. Dawa ni kuzuia kisiguse.

Pima stoma yako upya. Stoma inavimba baada ya operesheni inaendelea kunywea wiki sita mpaka nane hivi, kwahiyo tundu ulilokata siku ya kutoka hospitali saa hizi ni kubwa, ngozi inabaki wazi pembeni. Kata tundu lizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Pima kila wiki mpaka itulie. Ngozi iliyochubuka nyunyiza unga wa stoma, pangusa uliozidi, gonga gonga juu yake na ule umajimaji wa kulinda ngozi usio na spiriti, acha ikauke, rudia mara moja au mbili. Inatengeneza ganda kavu ambalo gundi inashika. Halafu bandika, weka kiganja juu dakika kadhaa, gundi inapenda joto.

Badili asubuhi kabla hujala, utumbo unakuwa umetulia. Mwaga mfuko ukifika theluthi moja usisubiri ujae, uzito ndo unaubandua. Na ukisikia moto chini ya gundi usiongezee plasta juu ya uvujaji, bandua. Ukibandua shikilia ngozi na mkono mmoja huku unakunja gundi taratibu, usivute kama unachuna.

Ukifanya yote hayo bado inavuja, kaa mbele ya kioo, kaa kwenye kiti, inama. Tazama kama stoma imezama au kuna mkunjo unaopita pale. Hapo unahitaji kitako (lile bamba la gundi linaloshika ngozi) kilichobinuka na pete ya kujazia, ila hicho usijichagulie, kikikosewa kinakandamiza na kutia kidonda. Tafuta nesi wa stoma akuangalie kwa macho.

Ndo maana operesheni ya kupangwa mtu anatakiwa achorwe alama tumboni kabla, akiwa amekaa, amesimama, ameinama, mbali na mikunjo, mfupa wa nyonga na sehemu ya mkanda, na mahali anapoweza kupaona mwenyewe. Wewe ilikuwa dharura muda haukuwepo, lakini mwenye operesheni ya kupangwa aombe kuchorwa hiyo alama, ni dakika chache zinaamua miaka.

miaka_na_mfuko

Mdogo wangu kijana_wa_ileo mimi nina ileostomi miaka mingi na hapa nafanya kazi naendesha gari nina watoto. Nesi amekwambia ya ngozi mi nikwambie ya maji. Sisi hatuna utumbo mpana wa kufyonza maji na chumvi, kwahiyo siku inayotoka maji maji mengi usikimbilie kunywa maji matupu chupa kwa chupa, yanapita na yanaburuza chumvi ya mwili kwenda nayo nje unazidi kukauka huku unakunywa. Kunywa ORS, ule unga wa pakiti wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji. Mimi pakiti haziishi ndani. Ukiona miguu inakaza usiku, kichwa chepesi, mkojo mweusi, umeshachelewa tayari.

Na tafuna. Tafuna mpaka taya lichoke, vitu vya nyuzi nyuzi na maganda vinaziba. Siku stoma ikikaa kimya masaa, tumbo linasokota na unatapika, hospitali moja kwa moja, na usithubutu kunywa dawa ya kukufanya uharishe.

Harufu? Mfuko uliobandikwa vizuri haunuki bro, ukinuka wakati hujaufungua basi kuna mahali umeachia. Usiutoboe na pini kutoa gesi, nimeona watu wanafanya hivyo halafu wanashangaa.

nesi_wa_vidonda

Asante kaka mkubwa hapo umenisaidia. Niongezee mbili. Inayotoka ikizidi kama lita moja na nusu kwa siku mwambie daktari, na kila akikuandikia dawa mkumbushe una ileostomi, vidonge vya kuyeyuka polepole na vyenye ganda la kupitisha tumbo vinaweza kutoka vizima mfukoni havijafanya kazi.

Na rangi. Stoma yenye afya ni nyekundu au pinki na mbichi mbichi kama ndani ya shavu. Haina neva za maumivu, ndo maana unaweza kuikwaruza usijue, na kutoka damu kidogo ukiipangusa ni kawaida. Ikigeuka zambarau au nyeusi usisubiri kesho.

hapo_vipi

Samahani mleta uzi kwani hawa manesi wa stoma ni wakina nani, mbona kwetu daktari ndo anafanya kila kitu? Au mnajipa vyeo tu 😀

nesi_wa_vidonda

😀 Mkuu daktari anakata na kushona, akimaliza anaenda kwa mgonjwa mwingine. Aliyebaki na mfuko ni nani? Mtu wa kwanza kufanya kazi hii rasmi hata nesi hakuwa. Anaitwa Norma Gill, Mmarekani, alikuwa na ileostomi mwenyewe, mwaka 1958 daktari wa upasuaji Rupert Turnbull akamchukua Cleveland Clinic awafundishe wagonjwa wenzake kuishi nayo, na 1961 wakaanzisha mafunzo pale. Hata mfuko wa kubandika ulitoka kwa nesi, Elise Sørensen wa Denmark, mwaka 1954, dada yake alikuwa na stoma akawa haendi mahali akiogopa kuvuja. Kabla ya hapo watu walijifunga vikombe na mikanda ya mpira.

Na utashangaa kwanini mtu huyo huyo ndo anapewa vidonda na stoma pamoja. Ni ngozi. Kidonda kinachotoa maji na tumbo linalotoa choo adui ni mmoja, unyevu kukaa mahali pasipotakiwa. Kuna mgonjwa kidonda cha operesheni kimefumuka, utumbo umetoboka ndani yake, choo kinatokea kwenye kidonda, hapo gozi unabadilisha kila nusu saa na ngozi inaungua tu. Anayejua stoma anakivalisha mfuko, kinachotoka kinapimwa kwa lita na ngozi inapumua.

mlezi_wa_mama

Dada mimi mama yangu kapooza, nyuma juu ya makalio pameanza wekundu, nikipabonyeza haufutiki. Nimemnunulia lile tairi la katikati tundu akalie. Napasugua na mafuta kila siku.

nesi_wa_vidonda

Wekundu usiofutika ukibonyezwa ni hatua ya kwanza ya kidonda cha mgandamizo, na kwa ngozi nyeusi sana wekundu hauonekani vizuri, gusa, pana joto au ugumu kuliko pembeni. Umewahi, hapa bado panarudi.

Tairi toa. Linakata damu kuzunguka lile tundu, sehemu uliyotaka kuiokoa ndo inavimba. Kusugua acha, nyama chini tayari imekosa damu unaichana. Mgeuze kila baada ya masaa mawili kama godoro ni la kawaida, na usimlaze ubavu wima kabisa juu ya mfupa wa nyonga, mweke mshazari kama nyuzi 30 kwa mto nyuma ya mgongo. Mto chini ya vigimbi visigino vielee hewani. Kichwa cha kitanda usikipandishe sana muda mrefu, anateleza chini taratibu na ngozi inavutika. Akijichafua safisha mara moja na pakaa krimu ya kuzuia unyevu, hiyo ya kuzuia unyevu ndiyo, huku hakuna gundi. Na protini, mwenye kidonda anahitaji kama gramu 1.25 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku kama figo zake ziko salama, bila hiyo godoro la bei gani litakuwa bure.

mzee_wa_hoja

Kuna ndugu ana kovu la moto la utotoni, sasa ni mtu mzima, pameota kidonda kingo zimeinuka kama uyoga kinatoa damu. Anafungwa tu kila siku.

nesi_wa_vidonda

Mkuu huyo asifungwe tena bila kukatwa kinyama kikapimwe, tena zaidi ya sehemu moja ya kingo. Kovu la zamani na donda la miaka vinaweza kugeuka saratani ya ngozi, tunaita kidonda cha Marjolin, jina la daktari Mfaransa aliyeandika juu ya vidonda vya namna hii mwaka 1828. Sijasema anayo, nasema kingo zilizoinuka na damu kirahisi ni sababu tosha ya kupima wiki hii. Kwa kweli donda lolote linalotibiwa sawasawa miezi mitatu na halisogei likapimwe.

binti_wa_pili

Dada nimepigia simu hospitali mbili, moja wamesema hicho kimashine cha kusikilizia mshipa kipo upande wa kliniki ya wajawazito wanasikilizia mtoto. Ndo hicho hicho?

nesi_wa_vidonda

Karibu hicho hicho, ila ncha ya kusikilizia mtoto ina masafa ya chini, ncha ya mishipa ina masafa ya juu kidogo, kama megahezi 8. Waulize upande wa upasuaji au kliniki ya kisukari. Mzee alazwe chali kama dakika kumi kabla ya kupimwa na wapime mikono yote miwili wachukue kubwa. Wakikosa kabisa, msibane, ombeni rufaa ya mishipa.

kijana_wa_ileo

Nesi nimepima, stoma ni milimita 28 mimi nilikuwa nakata 40 😳 Swali la mwisho, nikisafiri?

nesi_wa_vidonda

Ndo hapo pote pameungua. Safari, kata vitako nyumbani kabla maana kwenye ndege mkasi unaweza kuzuiwa, beba mara mbili ya unavyotumia na vikae kwenye begi la mkononi sio la kuingia chini. Usiache mifuko kwenye gari juani, gundi inaharibika. Mkanda wa gari pitisha juu au chini ya stoma, usikae katikati, ukiwa unaikandamiza weka taulo dogo lililokunjwa pembeni yake. ORS usisahau. Naingia zamu, wenye urostomi (stoma ya mkojo) na kolostomi (ya utumbo mpana) nimeona maswali yenu nikitoka naanza na ninyi.